Baba Yetu Tatu, Halafu Maji

Mama alifariki Alhamisi ya wiki ya nne ya Kwaresima, asubuhi, akiwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba na chekecheo la majivu mapajani. Nilikuwa nampelekea kahawa. Nilidhani amesinzia. Majivu yalikuwa yamemmwagikia gauni lake jeusi mpaka kwenye viatu, laini kama unga, na kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa bado kimeshika ukingo wa chekecheo. Niliweka kikombe juu ya ukuta nikasema, "Mama, itapoa." Nilisema mara mbili.

Yalikuwa majivu ya matawi ya mzabibu, aliyoyapogoa mwenyewe mwezi wa pili na kuyachoma kwenye tanuri la mkate. Alikuwa akiyatayarisha kwa ajili ya Wiki Takatifu, wakati wanawake wa kijiji chetu wanaposugua shaba zote za kanisa. Taa, vyetezo na vinara vidogo vilisuguliwa na yeyote aliyekuja. Kinara kikubwa cha upande wa kushoto alikisugua mama peke yake, kwa miaka arobaini.

Wanawake walikuja kumwosha kwa divai, kama ilivyo desturi yetu. Alitoka msafi, isipokuwa kucha. Weusi wa shaba ulikuwa umeingia humo zamani na haukutoka.

"Leteni limau," alisema wifi yangu Stamatia, mke wa kaka yangu Apostolis. "Hatuwezi kumzika na kucha za fundi magari."

"Ziache," nikasema.

"Lakini wifi, watu watakuja kumbusu mkono..."

"Nimesema ziache!"

Mimi si mtu wa kupaza sauti. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, nimeishi na mama maisha yangu yote isipokuwa miaka ya sekondari mjini Yanina, na nadhani hakuna hata mmoja mle chumbani aliyekuwa amewahi kunisikia nikigomba. Tulimzika na kucha zake.

Lazima nieleze habari za kinara.

Baba yangu, Stergios, aliondoka nikiwa na miaka miwili kwenda Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe. Mwaka uliofuata mgodi uliporomoka. Ilikuja barua, na saa yake ya mkononi ndani ya bahasha. Mwili haukuja, wala haukupatikana. Wajane wengine walikuwa na makaburi ya kwenda kuwasha taa kila Jumamosi. Mama hakuwa na pa kwenda. Ndipo akakusanya shaba zote alizokuja nazo siku ya harusi, sinia mbili, birika, kinu cha kusagia kahawa, kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu, akazifunga ndani ya blanketi, akampakia nyumbu, akaenda nazo Yanina kwa fundi.

"Yeyusha zote," akamwambia. "Nitengenezee kinara kimoja."

Fundi alimwuliza kahawa atasagia nini.

"Sitakunywa."

Na hakunywa, miaka mitatu, mpaka mjomba alipomletea kinu kingine.

Kinara kilikuwa kinamfika mama kifuani. Juu kilikuwa na sahani ya mchanga ya kusimamishia mishumaa, na chini mguu mpana kama sufuria. Kuuzunguka mguu, fundi alichonga jina la baba na mwaka aliofariki. Kila Jumapili mama alisimama mbele yake, akawasha mshumaa, akainama kugusa lile jina kwa vidole viwili. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza baba amezikwa wapi. Akanishika mkono, akanipeleka kanisani, akanionyesha kile kinara. Kwa hiyo tangu utotoni najua kaburi la baba yangu liko wapi.

Mama hakununua dawa ya kusugulia hata siku moja. Alisema zile za kopo zinang'arisha siku moja na kunuka wiki nzima. Alichukua siki ya divai yetu, akatia konzi ya chumvi, akakoroga na unga wa ngano mpaka ukawa uji mzito. Uji ule aliupaka kote kwa kitambaa. Kisha alisimama wima, mikono pembeni, akasali Baba Yetu mara tatu, bila haraka, akaumwagia maji mengi. Alipokwisha kuifuta shaba ikauka, ndipo alipochukua majivu makavu na kipande cha sufu, akasugua mpaka ukajiona pua.

"Baba Yetu tatu, halafu maji," aliniambia kila mwaka, kana kwamba sijasikia mwaka uliopita. "Siyo nne. Siki ikikaa inakula. Inachukua umanjano wote inakuachia wekundu."

Sasa, kijijini kwetu nyumba yenye msiba haisugui shaba kwa siku arobaini. Mng'aro ni wa furaha. Majirani hupita wakaitazama hata kengele ya mlango wako. Kwa hiyo siku ya mazishi, tulipokuwa tukinywa kahawa chungu na pombe kali ya maombolezo, Stamatia alikuja akakaa karibu yangu.

"Wifi, nipe ule ufunguo wa kanisa aliokuwa nao mama."

"Wa nini?"

"Si Wiki Takatifu hiyo inakuja? Wewe mikono yako ina msiba. Mimi damu si yangu, Padri amesema naweza."

Nilimpa. Niliutoa shingoni, ulikuwa kwenye kamba ya kiatu, nikampa. Mara nyingi tangu siku ile nimejiona nikiuvua ule ufunguo.

Ijumaa Kuu niliingia kanisani na mshumaa wa mama mkononi, nikaenda kushoto kama miguu ilivyozoea. Pale palisimama kinara kipya. Kilikuwa kimepakwa dhahabu, kina maua na vichwa vya malaika, kinang'aa kama karatasi ya peremende. Stamatia alikuwa amesimama kando yake kwa gauni jipya jeusi.

"Kimetoka Athene," akaninong'oneza. "Hakitaki kusuguliwa. Unapitisha kitambaa kikavu basi."

"Cha mama kiko wapi?"

"Taratibu wifi, ibada inaanza."

Siku ile Kristo aliyetariziwa kwenye kitambaa amelala ndani ya jeneza la maua katikati ya kanisa, na mtu hagombi kwenye msiba wa Bwana wake. Nilikaa mpaka mwisho. Sikusikia neno la ibada. Watu walipotoka kuzunguka kijiji na jeneza la maua, mimi niliteremka stoo chini ya kanisa, na nilikikuta huko nyuma ya ndoo za chokaa, kimelazwa ubavu. Nta ya mwaka mzima ilikuwa imekigandia, na hakikuwa kimesuguliwa tangu mwaka uliotangulia. Mtu alikuwa ametundika tambara la kudekia kwenye shingo yake.

Nililitoa lile tambara nikalitupa. Nilikaa juu ya ndoo, nikisikia wimbo ukienda mbali.

Baada ya Pasaka nilikwenda kwa Padri Lambros. Alikuwa bustanini anafunga maharage kwenye vijiti.

"Baba, nani ameruhusu kinara cha Stergios kitupwe stoo?"

"Hakijatupwa, binti yangu. Kimehifadhiwa."

"Kimehifadhiwa na tambara la kudekia."

Alisimama, akajinyoosha mgongo. "Sikiliza. Stamatia amehangaika, amewaandikia wanakijiji wenzetu waliohamia Melbourne, wamechanga. Nitawaambia nini? Na kile kimekuwa cheusi, umekiona mwenyewe."

"Ni cheusi kwa sababu hakuna aliyekisugua! Mliniambia mikono yangu ina msiba. Mkanifunga mikono, sasa mnanionyesha uchafu!"

Padri alitazama maharage yake. Si mtu mbaya, ila hupenda aliyezungumza naye mwisho awe na furaha.

"Basi tufanye hivi," akasema. "Arobaini ya mama yako tunaisoma Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Kilete siku hiyo. Kikiwa kama alivyokuwa anakileta yeye, nakirudisha mahali pake, na hicho kipya nitakiweka kulia. Kikiwa hivi kilivyo, usiniombe tena."

"Neno lako, Baba?"

"Neno langu."

Nilikwenda nacho nyumbani kwenye toroli, nimekifunika shuka. Nilisubiri. Ningeweza kukisugua siku ileile, lakini sikutaka kumpa mtu yeyote la kusema. Niliamua nitafanya Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, ingawa arobaini yenyewe ingetimia Jumatatu, kwa sababu bila hivyo nisingewahi.

Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, nilibandua nta yote kwa maji moto. Nilikoroga siki, chumvi na unga ndani ya bakuli la mama. Nilikisimamisha kinara uani, nikakipaka kuanzia shingoni kwenda chini, na kwenye mguu, palipochongwa jina, nilipaka uji mwingi zaidi kwa sababu hapo ndipo palipokuwa peusi zaidi. Nilisimama wima, mikono pembeni. Nilimaliza Baba Yetu ya kwanza. Katika ya pili nilikuwa nimefika utusamehe makosa yetu, nikasikia lango likigongwa.

"Hodi! Wifi! Umejifungia nini? Nimeleta ngano!"

Ilikuwa ngano ya kuchemsha kwa ajili ya arobaini. Nilikwenda langoni na mikono imejaa uji.

"Iweke hapo."

"Hapo kwa kuku?" Stamatia alinusa hewa. "Hee! Siki hiyo naisikia toka barabarani. Unasugua?"

"Nasugua."

"Na arobaini haijatimia?"

"Imebaki siku mbili."

"Mbili si siku? Mwenzangu, siku zote unanitazama mimi kama nimevunja sheria, kumbe wewe..."

"Usinitajie sheria, Stamatia. Umelitupa kaburi la baba yangu kwenye ndoo za chokaa."

"Kaburi!" Aliweka kikapu chini, akajishika kiuno. "Ni kinara hicho, Efthalia. Cha mishumaa. Watu tunachomeka mishumaa yetu, na mama yako amesimama pembeni anachungulia nani kadondosha nta. Kanisa zima tulikuwa tunawasha kwa woga!"

"Ungedondosha kwako."

"Nisikilize. Miaka kumi na tisa nimeolewa humu. Mwaka wa kwanza nilimwomba kitambaa, nikamwambia mama, nifundishe na mimi. Unajua alinipa nini?"

Nilijua. Nilikuwepo.

"Alinipa ufagio!" Macho yake yalijaa machozi, nayo yalinikasirisha zaidi. "Mbele ya wanawake wote. Ufagio!"

"Labda aliona kufagia ndiko unakokuweza."

"Na wewe labda aliona kuolewa hukuwezi, ndiyo maana akakuweka umshikie bakuli!"

Sikumpiga. Naandika hivyo kwa sababu kijijini wapo wanaosema nilimpiga. Nilishika lango kwa mikono miwili nikamwambia yote. Nilimwambia habari za gauni jipya Ijumaa Kuu, na malaika zake wa karatasi. Nilimwambia kwamba mama alipougua kifua majira ya baridi yeye alikuja mara moja tu, akakaa ukingoni mwa kiti na koti mwilini. Yeye akaniambia kwamba mama alimkataa hata alipojifungua, kwamba Apostolis alikula huku kila Jumapili kama mseja, kwamba sisi wawili tulikuwa kama watu wenye mlango wa ndani usiofunguka. Jirani alitokeza kichwa dirishani akakirudisha. Kuku walikuwa wamekwishapata ile ngano na hakuna aliyewafukuza. Jua lilikuwa limefika juu ya mti wa tini.

Ni Stamatia aliyenyamaza kwanza. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

"Wifi," akasema, kwa sauti nyingine kabisa. "Kinafanya nini kile?"

Uji ulikuwa umekauka ukapasuka kama tope la kiangazi. Nilikimbia. Nilimwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uji ulipotoka, kinara kilikuwa chekundu. Hakikuwa na wekundu mzuri wa shaba nyekundu. Kilikuwa kama ngozi iliyobabuka. Shingoni, nilikopaka kidogo, palikuwa na mabaka. Mguu wote, palipokuwa na uji mwingi, ulikuwa mwekundu kabisa kuzunguka, na jina la baba katikati yake.

Stamatia alikuwa ameingia uani bila kukaribishwa. Alisimama kando yangu, mikono mdomoni.

"Inatoka?" akauliza. "Efthalia, inatoka hiyo?"

"Ondoka."

"Nipe kitambaa. Tusugue wote, tuko wawili, mpaka jioni..."

"Ondoka, Stamatia!"

Aliokota kikapu chake kitupu akaondoka. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Ilikuwa mara ya pili nyumba yetu kumnyima kitambaa.

Nilisugua kwa majivu makavu na sufu tangu adhuhuri mpaka jua kuzama. Ni yale majivu aliyoyachekecha mama asubuhi ya mwisho, niliyoyakusanya chini nikayaweka kwenye mtungi. Umanjano ulianza kurudi juu, kidogo kidogo, ukitoka chini ya wekundu kama uso unaotoka chini ya maji. Shingo ilipona, na sahani ikapona. Mguu haukupona. Vidole vyangu vilichubuka, nikafunga vitambaa nikaendelea, na nilikuwa namtukana Stamatia kwa sauti, na Padri, na wale wa Melbourne nisiowajua. Kisha, sijui saa ngapi, nikaona kwamba Stamatia alikuwa amefanya mengi, lakini siki hakuipaka yeye. Niliacha sala katikati nikaenda kugombana. Mama kwa miaka arobaini aligongewa lango mara ngapi? Hakufungua. Alikuwa anawaacha wasubiri mpaka amina ya tatu.

Jumapili nilikiingiza kanisani kabla ya kengele. Padri Lambros alikuja akakizunguka, akainama.

"Juu ni kizuri," akasema. "Juu ni kama zamani. Lakini huku chini, binti yangu..."

"Jina linasomeka, Baba."

"Linasomeka. Lakini watu watauliza. Kinaonekana kama kimeungua." Alijikuna ndevu. "Nilisema kama alivyokuwa anakileta."

"Ulisema."

"Basi leo kisimame hapa mlangoni, kwa heshima ya marehemu. Baada ya ibada tutaona."

Nilijua hiyo "tutaona" yake inaelekea wapi. Inateremka ngazi kumi na mbili na kuishia nyuma ya ndoo za chokaa. Sikubishana. Nilisimama mlangoni mwa kanisa wakati wanasoma jina la mama, kando ya kinara, na watu walipopita waliwasha mishumaa yao ndani, kwenye kile cha dhahabu, kwa sababu ndiko walikozoea kwenda, kushoto. Stamatia alipita wa mwisho. Alisimama kidogo, akachomeka mshumaa wake kwenye mchanga wa kinara chetu, akaingia ndani bila kunitazama. Nta ikadondoka kwenye sahani. Niliiacha.

Watu walipokuwa ukumbini wanagawiwa ngano nyingine na sukari, nililirudisha toroli mlangoni. Kaka yangu Apostolis alinikuta nahangaika kukipakia.

"Unafanya nini? Watu wamejaa. Usituaibishe leo."

"Shika upande wa pili, au nipishe njia."

Alitazama ukumbini, akanitazama mimi. Kisha alivua koti lake akashika mguu wa kinara, pale penye jina, na nikaona anavyosogeza kidole ili asilifunike.

Tulikipeleka makaburini. Tulichimba kichwani pa kaburi la mama, Apostolis akaleta saruji iliyobaki kwenye zizi lake, tukakisimika. Padri alikuja jioni, akasimama langoni kwa muda mrefu, akafanya ishara ya msalaba akarudi. Hakuniambia nikiondoe. Mimi sijamsemesha tangu siku ile zaidi ya salamu.

Sasa ni mwaka wa pili. Kinara kiko nje, kwa hiyo mvua na ukungu wa mlimani hukifanya cheusi haraka kuliko zamani. Mama alikisugua mara moja kwa mwaka, mimi ni kila Jumamosi. Situmii siki tena. Ni majivu makavu tu, na sufu. Mguu bado ni mwekundu, lakini karibu na herufi za mwanzo za jina umanjano umeanza kuonekana, upana wa kucha. Stamatia aliacha chupa ya siki juu ya ukuta wa makaburi baada ya mavuno ya kwanza, na kitambaa kipya kimefungwa shingoni mwa chupa. Siki bado ipo pale. Kitambaa nilikichukua, ndicho ninachokitumia. Jumamosi nafika saa nne, nasugua mpaka saa sita, nawasha mshumaa mmoja kwa ajili ya wote wawili, na nikitoka nalifunga lango kwa waya, kwa sababu mbuzi wa Apostolis wanapenda kuingia.